Simu Haikumfundisha Mtoto Kuzomea

Habari yenyewe mnaijua, maana huandikwa kwa mpangilio uleule kila mara. Kuna binti wa miaka 14 au 15, kuna simu, kuna picha au maneno yaliyosambaa, kuna wenzake waliomcheka, kisha kuna mzazi analia. Mzazi akimaliza, anakuja mwanasaikolojia na kusema wazazi wa leo wamewaachia watoto vifaa bila uangalizi. Akimaliza huyo, anakuja kamanda wa polisi wa mkoa na onyo lake kuhusu Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kichwa cha habari kinabeba neno "mitandao" pamoja na kitenzi cha kuua, kuharibu au kuangamiza. Msomaji anainuka hapo akiamini mambo mawili: kwamba watoto wa siku hizi wamekuwa wakatili kuliko tulivyokuwa sisi, na kwamba ukatili huo umeingia nyumbani kupitia kioo cha simu.

Nayakataa yote mawili. Sikatai kwamba watoto wanaumia. Wanaumia, na wapo waliokufa. Ninachokataa ni hadithi ambamo mtu mzima anaonekana akilia, akishauri au akionya, lakini haonekani hata mara moja akitenda. Ukichunguza matukio yenyewe, yakiwamo yale yaliyoufanya ulimwengu uanze kulizungumzia jambo hili, utamkuta mtu mzima katikati: pengine yeye ndiye mwonevu, pengine ndiye aliyewafundisha watoto namna ya kuonea, pengine ndiye aliyeipokea picha ile na kuisambaza. Vyombo vya habari vimemfuta. Na maadamu amefutwa, kila dawa inayopendekezwa inamwangukia mtoto.

Tuanze na matukio yaliyotangulia. Mwaka 2006, katika mji mdogo wa Dardenne Prairie, Missouri, Marekani, binti wa miaka 13 aitwaye Megan Meier alijiua baada ya kutukanwa kwenye MySpace na mvulana aliyedhani anampenda. Mvulana yule hakuwapo duniani. Akaunti yake ilibuniwa na watu wa nyumba ya jirani, na miongoni mwao alikuwamo mama mtu mzima, mzazi wa msichana aliyewahi kuwa rafiki wa Megan. Mama huyo alishtakiwa mahakama ya shirikisho, akatiwa hatiani kwa makosa madogo mwaka 2008, na mwaka uliofuata jaji akaifuta hatia hiyo kwa kuwa sheria iliyotumika haikuwa imetungwa kwa jambo la namna ile. Hilo ndilo tukio lililozaa sheria, semina na vipindi vya televisheni kuhusu "vijana wanavyooneana mtandaoni". Kati ya "vijana" waliomwonea Megan alikuwamo mama wa makamo.

Miaka sita baadaye akaja Amanda Todd, wa British Columbia, Kanada. Septemba 2012 aliweka mtandaoni video ya dakika chache akieleza mkasa wake kwa vikaratasi alivyoviandika kwa mkono, bila kutamka neno. Oktoba mwaka huohuo akafa, akiwa na miaka 15. Dunia nzima ilimlilia kama binti aliyeuawa na uonevu wa wenzake. Ni kweli wenzake walimzomea, tena walimpiga. Lakini picha waliyomzomea kwayo waliipata wapi? Iliwafikia kutoka kwa mwanamume mtu mzima aliyekuwa Uholanzi, Aydin Coban, aliyemwandama binti huyo kwa miaka kadhaa kupitia akaunti 22 za uongo, akidai picha zaidi na kuzituma kwa familia na wanafunzi wenzake kila alipokataa. Mwaka 2022 mahakama ya Kanada ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka 13. Kufikia hapo Amanda alikuwa amekaa miaka kumi katika vichwa vya watu kama mfano wa ukatili wa vijana. Alikuwa mhanga wa mtu mzima mwenye kiu ya ngono na vitisho, na shule mbalimbali alizokimbilia zilishindwa kumlinda. Neno "uonevu wa vijana" liliyafunika yote hayo.

Tukio la tatu ndilo linalonisumbua zaidi, na kwa kuwa aliyehusika hakuwahi kujitangaza mwenyewe, sitalitaja jina lake. Agosti 2013, Leicestershire, Uingereza, binti wa miaka 14 alijiua. Kwenye ukurasa wake wa ask.fm, mtandao ambao mtu aliulizwa maswali na watu wasiojitambulisha, zilikutwa jumbe za matusi mazito, nyingine zikimtaka afe. Magazeti ya London yalilipuka. Waziri Mkuu David Cameron aliwataka wananchi waususie mtandao huo. Makampuni makubwa yaliondoa matangazo yao. Picha ya mtoto huyo ilikaa kurasa za mbele, na kando yake yakakaa maneno "waonevu wasio na sura". Mei 2014 uchunguzi rasmi wa kifo chake ukakamilika. Ushahidi wa kitaalamu ulionyesha kwamba karibu jumbe zote zile zilitoka kwenye kifaa chake mwenyewe, na afisa wa uchunguzi wa vifo akahitimisha kwamba kwa uwezekano mkubwa alijiandikia yeye.

Hapo msomaji asimame nami kidogo. Mtoto anajitukana kwa jina la mtu asiyejulikana, anajitakia kifo mbele ya hadhara, kisha anasubiri. Anasubiri nini? Pengine atetewe, pengine athibitishiwe kwamba kweli hafai, pengine mtu amwulize tu kulikoni. Justin Patchin na Sameer Hinduja, watafiti wa Marekani waliolifuatilia jambo hili, walichapisha mwaka 2017 matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 5,500 wa miaka 12 hadi 17: takribani asilimia 6 walisema wamewahi kuandika jambo baya kuwahusu wao wenyewe mtandaoni kwa kujificha jina. Mtoto wa namna hii hasaidiwi na kususia mtandao, wala na kumsaka mwonevu. Anasaidiwa na mtu mzima aliye karibu, mwenye muda na sikio. Magazeti yalikuwa na nafasi ya kurudi na kusema: tulikosea, maumivu ya mtoto huyu yalikuwa ya aina nyingine, na hizi ndizo dalili zake. Habari ya uchunguzi iliandikwa, lakini haikusafiri hata robo ya safari ya ile ya kwanza. Mpaka leo yapo makala yanayomtaja binti huyo kama mfano wa mtoto aliyeuawa na wanafunzi wenzake wenye simu.

Yapo basi matukio matatu yaliyoijenga hadithi hii ulimwenguni, na hakuna hata moja linalofanana na hadithi iliyojengwa juu yake.

Atasimama mtu aniambie kwamba matukio matatu si ushahidi, kwamba takwimu zinaonyesha janga. Takwimu inayopendwa zaidi na vyumba vya habari ni ile ya UNICEF ya Septemba 2019, kwamba kijana mmoja kati ya watatu katika nchi 30 amewahi kuonewa mtandaoni. Waliojibu walizidi 170,000, wa umri wa miaka 13 hadi 24, kupitia jukwaa la U-Report. Ni idadi kubwa, lakini ni watu waliojiandikisha wenyewe kwenye jukwaa la simu, na kundi lao linamchanganya mtoto wa kidato cha kwanza na mtu mzima wa miaka 24. Kura ya aina hiyo inafaa kwa kusikia sauti za vijana. Haifai kupimia ukubwa wa janga, wala haituambii uonevu wa mtandaoni unasimamaje mbele ya ule wa ana kwa ana.

Kipimo cha namna hiyo kipo. Mwaka 2017 Andrew Przybylski na Lucy Bowes wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua majibu ya vijana 120,115 wa miaka 15 nchini Uingereza, katika eneo la England. Takribani asilimia 30 walisema wanaonewa mara kwa mara. Asilimia 27 walionewa ana kwa ana tu. Asilimia 3 walionewa kote kuwili. Walioonewa mtandaoni pekee hawakufika hata asilimia moja. Na hii ni nchi ambayo karibu kila kijana wa umri huo ana simu yake mfukoni. Miaka mitano kabla yao, Dan Olweus, mtafiti wa Norway aliyeanza kuuchunguza uonevu wa shuleni tangu miaka ya 1970, alikwisha kuandika kwamba uonevu wa mtandaoni unakuzwa kuliko ulivyo, na kwamba wengi wanaoonewa huko ni walewale wanaoonewa darasani. Kwa maneno mengine, anayechambwa kwenye kundi la WhatsApp usiku ndiye aliyesukumwa kwenye foleni ya chakula mchana, na aliyemsukuma ndiye anayemchamba.

Sasa tuje kwetu, ambako hadithi hii imeagizwa nzima nzima na kuvikwa kanga.

Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulifanyika 2009 na ripoti yake ikatoka 2011. Karibu robo tatu ya waliohojiwa, wasichana kwa wavulana, walisema kabla ya kufikisha miaka 18 walipigwa ngumi, mateke au viboko na ndugu, na mtu mwenye mamlaka kama mwalimu, au na mpenzi. Karibu robo walisema mtu mzima aliwatukana, aliwatishia kuwatelekeza, au aliwaambia hawapendwi. Itazameni tarehe. Mwaka 2009 Instagram ilikuwa haijazaliwa, na WhatsApp ndiyo kwanza inaanza. Kizazi kile kilijibu maswali yale bila data, bila statasi, bila skrinishoti. Nani aliwafundisha kudhalilishana?

Jibu analo kila aliyepita shule zetu. Mwanafunzi anaitwa mbele mstarini, anaambiwa ageuke wenzake waone sketi yake iliyochafuka au soksi zilizotoboka, na mwalimu wa zamu anasubiri kicheko kiishe ndipo aendelee. Wa mwisho katika mtihani anasomwa jina kwa sauti. Asiyelipa mchango anasimamishwa peke yake. Binti anaulizwa habari za mwili wake mbele ya wavulana. Darasani linatolewa jina la utani, na anayelitoa ni mwalimu. Litakaa na mtoto mpaka amalize kidato cha nne. Hayo ni mafunzo, na watoto ni wanafunzi wazuri. Wanajifunza kwamba aibu ni adhabu halali, kwamba hadhara ndiyo inayoitia nguvu, na kwamba anayecheka yuko salama kuliko anayeonewa huruma. Siku wakipata simu, somo wanalo tayari.

Bwenini mambo huwa makali zaidi. Njuka wa Tanzania na mono wa Kenya, yaani wanafunzi wapya, wanafua nguo za wakubwa, wanapiga magoti, wanaamshwa usiku. Mwaka 2017 Alliance, shule ya wavulana iliyoko Kikuyu yenye sifa tangu 1926, ilikumbwa na madai kwamba wanafunzi wapya walikuwa wakipigwa na kuteswa na viranja, na mkuu wa shule akaondoka katika nafasi yake. Viranja ni watoto waliokabidhiwa mamlaka na watu wazima. Hapakuwa na haja ya intaneti.

Mwaka kabla ya hapo, Oktoba 2016, ilisambaa Tanzania video fupi kutoka Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Mbeya. Inaonyesha walimu wa mafunzo kwa vitendo wakimpiga mwanafunzi wa kidato cha tatu ngumi, mateke na viboko ndani ya ofisi ya walimu. Nchi ilishtuka na Serikali ikachukua hatua dhidi ya wahusika ndani ya siku chache. Tukio hilo linaigeuza juu chini hadithi tuliyozoea. Uonevu ulifanywa ofisini, na watu wenye taaluma ya kulea. Simu ndiyo iliyokuwa shahidi. Bila ya mtu kuwasha kamera pale, mwanafunzi yule angerudi darasani amevimba uso, na mchana ule ungepita kama ulivyopita kwa maelfu ya wengine. Katika mijadala iliyofuata nilisubiri mhariri mmoja aandike kwamba kifaa tunachokipiga marufuku mashuleni ndicho kilichomwokoa mtoto, na kwamba labda marufuku ile inawalinda wengine zaidi ya watoto. Sikumwona.

Hoja nzito ya upande wa pili sitaikwepa. Wanasema mtandao unabadilisha asili ya uonevu: maneno hayafutiki, watazamaji hawana idadi, mwonevu anajificha, na mtoto hana pa kukimbilia kwa sababu kundi lile analala nalo kitandani. Ni kweli kwa sehemu. Zamani kengele ya jioni ilitenganisha shule na nyumba, na kwa mtoto aliyekuwa na amani nyumbani hiyo ilikuwa pumziko. Leo pumziko lile limepungua. Picha ya utupu ikishatoka hairudi, na binti wa Mwanza anaweza kutambuliwa Dar es Salaam na watu asiowajua. Hilo ni jipya na ni baya sana.

Lakini itazameni safari ya picha hiyo. Mvulana aliyeachwa anaitoa; hilo ni kosa lake na awajibishwe. Kutoka kwenye kundi la darasa inaingia kwenye kundi la mtaa. Kutoka mtaani inafika kwenye kurasa zenye wafuasi maelfu, zinazoendeshwa na watu wazima wanaopata fedha kwa kashfa. Chini ya kila tangazo la "koneksheni mpya", yaani video za utupu zilizovuja, wamejipanga wanaume wenye ndevu na ndoa wakiomba watumiwe inbox. Wapo wenye watoto wa umri uleule. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inataja wazi kosa la kusambaza picha za ngono za mtoto, na binti wa miaka 16 ni mtoto. Kila aliyeipokea na kuituma mbele ametenda kosa hilo. Magazeti lakini huiita "video chafu ya mwanafunzi", yakimtupia mwanafunzi uchafu, kisha yanamhoji mkuu wa shule kama amekwisha mfukuza. Idadi isiyo na kikomo ya watazamaji, ile inayotajwa kama ushahidi wa ukatili wa vijana, inajazwa na watu wazima.

Kuhusu kujificha: watoto wengi wanaoonewa wanamjua anayewaonea. Ni wa darasa lao, wa jumuiya yao, mara nyingine binamu. Mgeni asiye na jina yupo, na anapokuwapo mara nyingi ni mtu mzima mwenye nia ya ngono au ya fedha, kama yule wa Amanda Todd. Ukichanganya mambo haya mawili katika neno moja, polisi wanamtafuta mtoto mahali pa mtu mzima, na walimu wanamtafuta mgeni wa mbali ilhali mhusika amekaa dawati la pili.

Nina neno na wanahabari wenyewe, na nalisema nikijua wapo wengi wanaofanya kazi hii kwa heshima. Fungueni televisheni yoyote ya mtandaoni inayoishi kwa matukio ya mtaani. Mtoto aliyebakwa anahojiwa uso wazi, au anafichwa macho tu huku mama yake, nyumba yao na jina la mtaa vikionekana. Mwanafunzi mjamzito anaulizwa ilikuwaje, mara ngapi, wapi. Mvulana aliyeiba kuku analia mbele ya kipaza sauti huku majirani wakicheka nyuma yake. Chini yake maoni yanamiminika kwa mamia, na hakuna anayeyapunguza, kwa kuwa kila oni linasukuma video mbele. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda mtoto aliye katika shauri la kisheria asitambulishwe. Kwenye video hizi ulinzi huo unavunjwa mchana kweupe. Wiki inayofuata chombo hichohicho kinarusha mjadala wa unyanyasaji wa vijana mtandaoni, na mgeni studioni anasema tatizo ni malezi.

Kila Januari matokeo ya kidato cha nne hubandikwa wazi kwenye tovuti, namba ya mtahiniwa, jinsi na divisheni, na yeyote anayeijua namba anaweza kuyafungua. Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza wanafunzi na shule bora, na lilifanya vema. Bado dhihaka juu ya "ziro" hujaa kila pembe siku hiyo, na wanaozitunga si watoto wa miaka 17. Ni watu wenye ajira, wenye vipindi vya redio. Kijana aliyefeli anaamka kwenye nchi nzima inayocheka, kisha tunamwambia awe makini na marafiki wa mtandaoni.

Yote haya yangekuwa ubishi wa waandishi tu kama yasingekuwa na gharama kwa mtoto. Kwanza, mtoto hasemi. Anajua vizuri akisema nini kitatokea: simu itachukuliwa. Kwa mtu mzima simu ni kifaa, kwa mtoto yule ni rafiki mmoja aliyebaki anayezungumza naye saa nne usiku. Kusema maana yake ni kupoteza hata huyo, na kuulizwa ulikuwa unafanya nini huko. Nyumba nyingi zina simu moja inayozunguka kati ya mama, dada na wadogo. Huko tusi linalomfikia mtoto linasomwa na ukoo mzima kabla hajarudi kutoka shule, na mtoto anachapwa kwa kutukanwa. Zipo shule ambako simu ikikamatwa huvunjwa mbele ya wanafunzi wote. Mwanafunzi mwenye ushahidi wa vitisho ndani ya simu yake ataupeleka kwa nani?

Pili, sheria zinatungwa kwa hofu. Kifungu cha unyanyasaji mtandaoni katika sheria ya Tanzania kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Sheria ya Kenya ya 2018 inafikia shilingi milioni 20 au miaka kumi. Kamanda anazitaja mbele ya kamera kama dawa ya watoto wanaotukanana, ingawa Sheria ya Mtoto ya Tanzania inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Kwa hiyo onyo lake halimgusi mtoto. Linawagusa wengine: kesi zilizojulikana zaidi chini ya sheria hizi ni za watu wazima walioandika kuhusu viongozi. Oktoba 2025 Kenya iliongeza kwenye kifungu chake maneno kuhusu ujumbe unaoweza kumfanya mtu ajiue, na mwezi huohuo Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji baada ya watetezi wa haki kulalamika. Machozi ya wazazi yanatumika kupitisha vifungu ambavyo kesho vitamkamata mwandishi wa habari. Vyumba vya habari, kwa kuikuza hofu bila kuuliza, vinajifungia mlango vyenyewe.

Tatu, na hapa naomba wahariri wasome polepole, kuna namna tunavyoandika juu ya vifo. Shirika la Afya Duniani limekuwa na mwongozo kwa wanahabari tangu mwaka 2000 na kuuboresha mara kadhaa, mara ya mwisho 2023. Unasema usitaje sababu moja, usieleze njia, usiikuze habari, usimpambe marehemu, na weka mahali pa kupata msaada. Unasema hivyo kwa kuwa ushahidi wa miaka mingi unaonyesha kwamba habari za kujiua zikiandikwa vibaya huwavuta wengine walio katika hali hiyo. Kichwa kama "Ajiua baada ya kutukanwa Instagram" kinavunja kanuni ya kwanza kwa maneno matano. Kinamwambia binti mwingine aliyetukanwa jana kwamba kati ya tusi na kifo kuna hatua moja tu, na kwamba akiichukua, hatimaye watasikitika na picha yake itawekwa ukurasa wa mbele. Mtu hafi kwa tusi moja. Nyuma yake kuna msiba, kuna kipigo, kuna ugonjwa wa sonona usiotibiwa, kuna mimba, kuna mjomba. Mwandishi anayeishia kwenye tusi amemwacha mjomba salama.

Tena Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Mtoto aliyenusurika anaweza kuhesabiwa mtuhumiwa. Ni mara ngapi mmeona habari ya unyanyasaji mtandaoni inayouliza kwa nini sheria hiyo ipo?

Najua nitaambiwa nayatetea makampuni ya mitandao. Hapana. Yanapaswa kubanwa kuliko yanavyobanwa sasa. Wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook kwa niaba ya Meta kupitia kampuni ya Sama walikwenda mahakamani tangu 2022 wakilalamikia ujira, mazingira na madhara ya kiakili ya kazi ile. Watu wale ndio waliotegemewa kusoma matusi ya Kiswahili na lugha nyingine za Afrika. Ukitaka kujua kwa nini mtoto wa Mombasa akiripoti vitisho hajibiwi, anzia hapo. Hiyo ni habari yenye mikataba, majina ya wakurugenzi na fedha. Ni ngumu kuiandika kuliko kumhoji mama anayelia, ndiyo maana anahojiwa mama.

Mwandishi atakayetumwa kesho kwenye nyumba ya msiba wa namna hii aende na maswali mengine. Nani shuleni alijua, na tangu lini? Mtoto aliwahi kumwambia mtu mzima yeyote, naye alijibu nini? Picha ilitoka kwa nani, na mtu mzima wa kwanza kuisambaza ni yupi? Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi lilipokea taarifa? Afisa ustawi wa jamii wa kata yupo, au nafasi iko wazi? Kabla ya simu, mtoto huyu alikuwa akitendewaje? Akirudi ofisini, mhariri afunge sehemu ya maoni chini ya habari hiyo, aliondoe jina la shule, na aongeze mstari mmoja mwishoni: namba ya msaada kwa watoto ni 116, Tanzania na Kenya, na kuipiga ni bure.